Samaki wa Bahari na Magitaa: Jioni Yetu Dar es Salaam

Wamama wapenzi, wengi wenu mlituuliza kwa nini sisi sita tuliokwenda Dar es Salaam kutafuta vitenge tulikaa jioni nzima tukila samaki na kusikiliza muziki. Wengine waliuliza kwa upole, wengine hapana. Makuta yalitoka mfukoni mwa kila mmoja wetu, si katika likelemba. Hilo liishe hapo, maana jioni yenyewe ina mengi ya kueleza.

Sisi wa Kalemie tunajiona walimu wa samaki. Tumekulia ndakala na mikebuka, na tulifika soko la Feri, pale Kivukoni karibu na pantoni ya Kigamboni, tukiwa na kiburi kidogo. Kiburi kilikwisha upesi. Kulikuwa na changu, kolekole, kamba, ngisi, nguru wanaokatwa vipande kama nyama ya ng'ombe, na pweza ambaye mmoja wetu alikataa hata kumtazama. (Jioni alikunywa supu yake bakuli mbili.)

Kilichotushika zaidi ni wamama wanaokaanga. Samaki huuzwa kwa mnada, na mwenye makuta mengi ndiye anayechukua fungu zuri. Dada mmoja, macho mekundu kwa moshi, alituambia kwamba fungu kubwa linamshinda peke yake, kwa hiyo wananunua watatu na kugawana palepale. Mitumbwi na nyavu ni za wanaume, sawasawa na kwetu. Lakini samaki aliyebaki haozi mikononi mwao: anaingia kwenye karai la mafuta, na mtu anamnunua kesho. Sisi, mvua ikinyesha ndakala wakiwa mchangani, mtaji wote unakwenda. Na kila mmoja anabishana na mwenye mtumbwi peke yake. Wangapi kati yetu wamefunga biashara kwa sababu ya masika moja?

Usiku tulikula changu wa kuchoma kwa ugali, ndimu na pilipili, chini ya miti, mahali ambapo bendi ilikuwa inapiga. Ulizeni bei kabla samaki hajawekwa motoni; baadaye mtalipa mtakachoambiwa. Na yule ambaye hajawahi kula kamba aonje kidogo kwanza, kwa sababu wengine huvimba mdomo.

Muziki wenyewe wazee wa pale bado wanauita jazi, ingawa si ile ya Wamarekani. Ni magitaa, tarumbeta na ngoma, ndugu wa rumba yetu. Franco na wenzake waliunda OK Jazz huko Léopoldville mwaka 1956. Dar es Salaam nao walikuwa na NUTA Jazz tangu 1964, ambayo leo inaitwa Msondo Ngoma. Miaka ya 1970 Orchestra Maquis ilitoka kwetu ikahamia kule, na mwaka 1978 Remmy Ongala, mtoto wa Kindu, akaja kuimba Kiswahili mpaka Watanzania wakamwita wao. Basi bendi ilipoanza tulijua hatua za kucheza kabla ya kujua maneno.

Kati yetu alikuwemo mjane ambaye hajacheza tangu msiba wa mume wake, miaka minne sasa. Alikaa nyimbo tatu. Wimbo wa nne alisimama, akafunga kitenge vizuri, akacheza peke yake, nasi tukamwacha. Wanaosema mama wa heshima hapaswi kuonekana mahali pa muziki wangemwona wao wenyewe usiku ule. Tulikaa pamoja, tuliondoka pamoja kwa bajaji mbili, na kabla ya saa sita tulikuwa tumelala.

Siku ya mkutano tutaleta pendekezo la kununua ndakala kwa vikundi vya watatu watatu, na karai moja kubwa la chama. Bei ya karai tumekwisha kuiuliza.