Freni Inajifunzwa: Kazi ya Kushusha Watu Salama

Ndugu msomaji, wewe unayeishi Fizi, Baraka, Lulimba ao Misisi, unaijua ile kamiyo iliyopakia saruji, bido za mazutu na mifuko ya mihogo, na juu ya mizigo wamama wamekaa na watoto wao. Inapopanda mulima, watu wanasifu masini: ina nguvu! Lakini inapoanza kushuka kutoka Fizi kuelekea ziwa, maisha ya wote yako mikononi mwa kitu wasichokiona. Ni freni, ao breki kama ndugu zetu wa Kigoma wanavyosema. Mwezi huu tunataka ufahamu kazi yake, namna inavyoshindwa, na namna kijana wa kwetu anavyoweza kuijifunza mupaka kuwa fundi ao injinia.

FRENI INAFANYA NINI?

Wengi wanafikiri kwamba freni inakamata gurudumu, basi. Kweli yake ni hii: freni inageuza mwendo kuwa joto. Sugua mikono yako miwili kwa nguvu, utasikia moto. Ndivyo vipande vya freni vinavyosugua ngoma ya gurudumu. Joto hilo linapaswa kutoka na kwenda hewani. Likiingia mbio kuliko linavyotoka, freni inachoka.

Tupige hesabu kidogo. Twaa kamiyo ya tani 10 inayokwenda kilometa 60 kwa saa. Kuisimamisha mara moja kunatoa joto fulani. Kuishusha mulima wa kimo cha mita 100, kama freni peke yake ndiyo inabeba kazi, kunatoa joto hilo mara 7. Linatosha kuchemsha bido nzima ya maji ya lita 20! Mulima wa kimo cha mita 400 ni sawa na kuisimamisha mara 28, moja nyuma ya nyingine, bila kupumzika. Na uzito wote wa kamiyo ukiwa mara mbili, joto nalo linakuwa mara mbili.

NAMNA INAVYOSHINDWA

Kwanza, vipande vya kusugua vikipata moto sana vinapoteza ukali wao, na ngoma inapanuka. Shofere anakanyaga kwa nguvu zote, lakini kamiyo haisikii.

Pili, kuna mafuta ya freni. Mafuta ya kawaida, yakiwa mapya, yanachemka kwa digrii 205 ao zaidi. Lakini yanakunywa unyevu wa hewa pole pole, na yakizeeka yanaweza kuchemka kwa digrii 140 tu. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa kama mpira wa kuchezea. Pedali inaingia chini bule. Kwa hiyo mafundi wengi wanayabadilisha kila miaka 2. Wako pia wanaotia mafuta ya masini pahali pa mafuta ya freni, kusudi wapunguze gharama. Mafuta hayo yanavimbisha mipira ya ndani na kuiharibu. Usikubali kamwe.

Tatu, kamiyo kubwa zinatumia freni ya hewa. Maji yanajikusanya ndani ya tangi za hewa, na lazima yamwagwe. Freni zisipokazwa sawasawa, gurudumu moja linafanya kazi ya mawili, nalo linachoka mbele ya mengine.

SHOFERE AFANYE NINI?

Aingize vitesi ndogo mbele ya kuanza kushuka, si katikati ya mulima. Wazee wa kazi wanasema: shuka na vitesi ile ambayo ungepandia. Hapo masini yenyewe inazuia kamiyo, na freni inapumzika. Wengine wanatoa vitesi na kuacha kamiyo ikimbie yenyewe, eti wanaokoa mazutu. Ni kujidanganya. Vitesi ikiwa imeingia na mguu umetoka kwenye gazi, masini ya mazutu karibu haikunywi kitu.

INJINIA ANAJIFUNZA NINI?

Fundi mwema anajua kutengeneza freni. Injinia anajua pia kuipigia hesabu mbele haijaundwa: joto litakuwa kiasi gani, litatokea wapi, chuma gani kitalivumilia. Anajua kwamba ukifunga freni uzito unahamia mbele, na kwamba magurudumu ya nyuma yakikamatwa kwanza, motokari inaweza kuzunguka. Kisha anaijaribu tupu, anaijaribu na mzigo, anaijaribu ikiwa na moto.

Tena anajiuliza: kitu hiki kikiharibika, kitaharibikia upande gani? George Westinghouse wa Marekani alikuwa kijana wa miaka 22 alipopata hati ya freni yake ya hewa ya treni katika mwaka 1869. Miaka 3 nyuma yake aliiboresha hivi: mpira wa hewa ukikatika, freni inajifunga yenyewe. Kamiyo nyingi za leo zinafuata wazo hilo, kwa kutumia springi yenye nguvu inayofunga gurudumu hewa ikiisha.

KIJANA, WAPI PA KUANZIA?

Anza na hesabu na fizika shuleni, usizikimbie. Kuna masomo ya mekanike katika shule za ufundi. INPP, chuo cha serikali cha mafunzo ya kazi kilichoanzishwa mwaka 1964, kina nyumba yake Bukavu. Anayetaka kuwa injinia, Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha Politekiniki. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, kuna Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kule Dar es Salaam. Hata mainjinia walio kazini wanarudi darasani: SAE, chama cha mainjinia wa motokari kilichoanza Marekani mwaka 1905, kinawafundisha mambo ya freni peke yake.

Hatusemi kwamba kuchimba ni zambi. Lakini dhahabu ya Misisi itakwisha siku moja. Mulima wa Fizi hautakwisha, na watu watakuwa wakiushuka tu.

Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati 22:8, iliagiza anayejenga nyumba aweke ukuta mudogo kuzunguka dari, kusudi mtu asianguke na damu yake isiwe juu ya nyumba ile. Anayetengeneza freni anajenga ukuta huo. Mwenye kamiyo anayekataa kununua mafuta mapya anaubomoa. Nasi abiria tunaopanda juu ya mizigo iliyopita kiasi, bila kuuliza neno, tunamusaidia kubomoa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Je, unaweza kumuuliza shofere kwa heshima, mbele ya kupanda: «Ndugu, freni umeipima?»
2. Katika jamaa yetu, nani anapenda vyuma na hesabu? Tumusaidie namna gani asome?
3. Wewe mwenye kamiyo ao moto ya taksi: mafuta ya freni uliyabadilisha siku gani?