MTOTO MWENYE USONJI SI MKAIDI: TUWAJUE WATAALAMU WANAOMSAIDIA



 Ndugu wazazi na wanafunzi wetu, mwaka huu tunazungumzia jambo ambalo sisi walimu tulilijua baada ya kukosea.

Alikuja kwetu mtoto wa miaka saba. Darasa likisoma kwa sauti moja, aliziba masikio na kutoka mbio. Akiitwa haitiki. Tukamwona mkaidi, tukamchapa. Hakurudi. Mama yake alikuja kutueleza, kwa upole ambao hatukuustahili, kwamba madaktari wamesema mwanawe ana usonji.

USONJI NI NINI?

Ni hali ya ukuaji wa ubongo ambayo mtoto huzaliwa nayo. Hugusa mazungumzo, kuchangamana na watu, na namna anavyopokea sauti, mwanga na mguso. Kelele za Kariakoo tulizozizoea zinaweza kumuumiza kweli. Wenye usonji hawafanani: wapo wasiosema kabisa, na wapo wanaofika chuo kikuu.

Daktari Leo Kanner aliieleza hali hii huko Marekani mwaka 1943. Kwa miaka mingi akina mama walilaumiwa kuwa ndio chanzo, na baadaye ikabainika si kweli. Si laana, si uchawi, wala haiambukizi. Kumsomea mtoto dua ni jema, lakini dua haimzuii mzazi kwenda kwa mtaalamu.

WATAALAMU NI AKINA NANI?

1. Daktari. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina madaktari wa watoto na wa afya ya akili. Hakuna kipimo cha damu kinachoonesha usonji. Daktari humtazama mtoto, hupima usikivu wake na humuuliza mzazi: alianza lini kutamka? Hunyoosha kidole kuonesha kitu? Hakuna dawa ya kuuondoa usonji, hivyo tusipoteze fedha kwa wanaodai wanayo.

2. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Fani hii hufundishwa KCMC, Moshi. Humzoeza mtoto kuvaa, kula na kuoga, hatua moja moja. Hata udhu hufundishika hivyo.

3. Mtaalamu wa mawasiliano na matamshi. Hashughulikii ulimi tu. Mtoto asiyesema akijua kuonesha picha ya maji, hana haja ya kulia akiwa na kiu.

4. Mwalimu wa elimu maalumu. Wengi wamesomea Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha. Hapa kwetu, Shule ya Msingi Msimbazi Mseto, Ilala, ina kitengo cha watoto wenye usonji. Walimu hawa hutumia ratiba ya picha ili mtoto ajue kinachofuata na asihangaike.

KAZI ILIYOBAKI NI YETU

Wataalamu hao ni wachache, na mtoto hukaa nao saa chache tu. Saa nyingine zote yuko nasi. Tulimwomba radhi yule mama, na mtoto akarudi. Sasa hukaa karibu na mlango na husoma peke yake kabla wenzake hawajaanza. Ukutani tumembandikia picha nne: viatu, udhu, juzuu, nyumbani. Ziko siku bado hutoka mbio, lakini amehifadhi sura fupi tano.

Wanafunzi, msimcheke wala msimwite majina. Kumbukeni Sura ya Abasa ilivyoteremka kwa ajili ya Abdullah bin Ummi Maktum, kipofu aliyekuja kutafuta elimu. Nanyi wazazi mnaowafungia watoto ndani kwa kuogopa maneno ya majirani, waleteni. Nafasi karibu na mlango ipo.