Kiegemeo na Upepo wa Kusi

Msafiri atokaye Masasi, akiviacha nyuma vilima vya mawe vilivyosimama kila kimoja peke yake juu ya tambarare, akaukwea ukingo wa Uwanda wa Makonde hata akafika Newala, hukutana na upepo kabla ya kukutana na watu. Na ikiwa safari yake imeangukia baina ya Mei na Agosti, majira ya kusi, ataona katika nyua nyingi miche iliyoinamia upande mmoja, na mingine iliyoegemezwa kwa miti minene kuliko yenyewe.

Sababu yake ni majira ya mvua. Pande zile mvua ni ya msimu mmoja tu kwa mwaka, huanza Novemba au Desemba na kukoma kiasi cha Aprili, kwa hiyo mtu hupanda Desemba au Januari: mkorosho kando ya uwanja, mkomamanga, mdimu, asumini karibu na dirisha. Mche hunywa, hunawiri, hupata kichwa kizito cha majani juu ya shina lililo laini bado. Kisha mvua hukatika, mchanga hukauka na kulegea, na kusi huingia ilhali mizizi haijashika.

Hapo mwenye ua, kwa huruma, huchomeka gogo, akaufunga mche kwa kamba ya katani chini, kati na juu, usitikisike abadan. Huruma hiyo mimi naihesabu kuwa dhuluma. Mwaka 1971 wataalamu wawili wa California, P. L. Neel na R. W. Harris, walieleza jinsi walivyoitikisa miti michanga ya Liquidambar kwa sekunde 30 tu kila siku, nayo haikufikia hata theluthi ya urefu wa ile isiyotikiswa. Na uchunguzi mwingine wa zama hizo ulidhihirisha kwamba shina linaloyumba hunenepa kitakoni, ilhali lililofungwa kikiki hurefuka bila kunenepa. Mche uliokazwa namna hiyo ni sawa na mtoto aliyebebwa mbelekoni hata akapita umri wa kutambaa: siku ashushwapo, miguu haimbebi.

Basi kabla ya kutafuta mti wa kuegemeza, sharti mtu aulize kama haja ipo. Kichaka chenye mashina mengi tangu ardhini, mathalani waridi au asumini, aghalabu chataka kupunguzwa matawi ya juu tu. Uhitajio msaada ni mche wa shina moja na kichwa kizito, hasa mkorosho wa kubebeshwa, wa jinsi waliyoieneza watafiti wa Naliendele karibu na Mtwara, kwa maana upepo huvunja kwanza pale kiungoni. Na utepe wa plastiki uliofungwa hapo usisahauliwe, kwani ukiachwa hukaba.

Shika shina kwa vidole viwili, uvipandishe taratibu kutoka chini hata ufike mahali ambapo kichwa chasimama wima. Funga pungufu ya shubiri juu ya hapo, mara moja tu. Mti wa kuegemeza uwe upande wa kusini-mashariki, utokako upepo, ili mche usukumwe mbali nao usijikwangue gome, nao uzamishwe mpaka uvuke udongo uliotifuliwa shimoni. Kifungo kizuri ni ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, uliozungushwa kwa umbo la nambari 8, wenye nafasi ya kuyumba.

Wako mchwa pia. Huula mti mkavu chini ya mchanga huku juu ukionekana mzima. Na wanaowakwepa kwa kuchomeka kijiti kibichi cha mbono hukiona kikichipua na kunyang'anyana maji na mche kilioletwa kuulinda. Kiini cha mpingo mchwa hawakiwezi, walakini nani atachomeka mpingo kando ya mdimu, ilhali wachongaji wanautafuta? Mwanzi hutosha, maadamu utatazamwa kila mwezi.

Mvua za Desemba zikirejea, kifungo kifunguliwe. Mche ukilala tena, ufukuliwe mizizi: mara nyingi itaonekana imejizungusha tangu ilipokuwa ndani ya mfuko wa kitalu, na ugonjwa huo hauponi kwa kiegemeo. Watu wa Newala, ambao maji yao hupandishwa kwa mashine kutoka Mitema katika bonde la Kitangari, na ambao bibi zao waliyateka mabondeni wakayapandisha kichwani, hawana ndoo ya ziada kwa mti wa jinsi hiyo. Waung'oe, wapande mwingine mvua zingali changa.