Shaba nane za Ngumi: pwani nzima kwa chini ya shilingi elfu tano

Zama za Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, reale moja ya fedha ilikuwa sawa na pesa 136 za shaba, na rupia moja ya India sawa na pesa 64. Kila pesa ilikuwa na uzito wa takriban gramu 6.48, uzito uleule wa robo ana ya Kihindi. Piga hesabu. Rupia iliyokuwa na uzito wa gramu 11.66 ilitaka gramu 415 za shaba kuifikia, na reale ikataka gramu 881, karibu kilo nzima. Nahodha aliyeuza papa na kulipwa reale 50, lau angelipwa kwa shaba, angepandisha jahazini kilo 44 za chenji. Basi wenye mali wakashika fedha, na shaba ikabaki ya sokoni, ya kununulia muhogo na kufungwa kwenye pindo la leso.

Udogo huo wa thamani ndio ulioiokoa shaba. Reale zilikwenda kwa sonara zikageuka vikuku na mikufu, lakini pesa ya shaba hakuna aliyehangaika kuiyeyusha. Iliachwa kwenye mkebe, na humo ndimo inamopatikana mpaka leo.

Anayetaka kuanza kukusanya sarafu nampa shauri moja: asianze na dunia, aanze na kisiwa. Kisiwa changu cha mfano ni Ngumi, katika visiwa vya Wabajuni kusini mwa Kismayo, penye magofu na makaburi ya mji wa zamani. Ngumi haikuwa na karakana ya sarafu. Faida yake ni kwamba iko kwenye mshono wa dola: ndani ya miaka 85, kuanzia 1882 hadi 1967, bendera zilipokezana kiasi kwamba mvuvi aliyekaa pale pale alijikuta akibadilishiwa hela kila baada ya muda. Sarafu nane za shaba zinatosha kueleza mambo yote hayo, na zote nane, kwa bei za kawaida za wauzaji, ni kama dola 35. Ukihesabu dola kwa shilingi 130 za Kenya, hiyo ni 4,550.

Ya kwanza ni pesa ya Barghash yenyewe, mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, maandishi ya Kiarabu upande mmoja na mizani upande wa pili. Iliyochakaa hupatikana kwa dola 3 hadi 8. Ya pili ni pesa ya Mombasa ya 1888, ya kampuni ya Waingereza iliyokodi pwani kwa Sultani. Nayo ina mizani, na uzito wake ni uleule, maana kampuni haikuthubutu kumpunguzia mteja shaba aliyoizoea. Hata Wajerumani walipopiga pesa yao mwaka 1890 hawakutoka kwenye gramu sita na nusu.

Baada ya hapo shaba inakatika kidogo. Mwaka 1907 Waingereza walileta senti moja ya aluminiamu, haikudumu, na kufikia 1909 wakaigeuza kuwa ya shaba iliyochanganywa na nikeli, nyeupe. Shaba nyekundu ilirudi na shilingi ya Afrika Mashariki, katika ile senti 10 ya Mfalme George wa Tano yenye tundu katikati. Hiyo, ya tatu kwangu, ina uzito wa takriban gramu 11, na bei yake leo haifiki dola 3. Tundu liliwafaa watu wasio na mifuko, wakazitunga kwenye uzi. Ndogo yake ni ndururu, yaani senti 5, ambayo wazee wa Lamu na Mombasa bado wanaitaja kwa jina.

Kaskazini ya mto Juba, uliokuwa mpaka wa Waingereza na Waitaliano, mambo yalikuwa mengine. Tangu 1909 Waitaliano walikuwa wakipiga bese huko Roma: besa 1, bese 2 na bese 4, mia moja kwa rupia. Hapa ndipo mzani unaposema. Besa moja ni gramu 2.5, kwa hiyo rupia ya bese ni gramu 250 za shaba badala ya 415. Serikali ya Roma ilijipunguzia shaba kwa asilimia 40 na rupia ikabaki ileile. Kwa upande wa upatikanaji, besa 1 ya 1909 zilipigwa milioni 2, ilhali bese 4 za mwaka 1913 zilikuwa 50,000 tu. Tenga dola 15 kwa besa ya kawaida, na ukiitaka ile ya 1913 andaa fedha zaidi. Ile ya kawaida, ya nne kwangu, ndiyo ghali kuliko zote katika nane zangu, na ndiyo pekee inayotoka ng’ambo ya mto. Naiweka kwa sababu madau hayakusimama mpakani.

Tarehe 29 Juni 1925 Kismayo na visiwa vyake vikakabidhiwa Italia. Ya tano basi ni senti 10 ya Italia yenye picha ya nyuki, dola moja. Mwaka 1941 Waingereza wakarudi na jeshi lao, na senti zenye tundu zikarudi nao, safari hii kwa jina la George wa Sita; mojawapo ndiyo ya sita. Nyingine zina herufi I, alama ya Bombay, na nyingine SA, alama ya Pretoria, kwa kuwa vita vilizuia kazi yote kufanyika Uingereza. Dola moja tena. Mwaka 1950 Italia ikapewa Somalia chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, ikaja na somalo ya senti 100. Za shaba, na ya saba ni mojawapo, zina kichwa cha tembo: senti 1 zilipigwa milioni 4, senti 5 milioni 6.8, senti 10 milioni 7.4. Jumla ni vipande milioni 18.2, na ukivijumlisha vyote kwa thamani ya siku ile unapata somalo 1,120,000 tu. Ndiyo maana tembo hana bei kubwa: dola 2 hadi 5. Ya nane, ya 1967, ni shaba ya njano ya Somalia huru. Dola moja.

Kuna gharama mbili ambazo anayeanza hazioni. Moja ni posta. Ukiagiza sarafu ya dola moja kutoka Ulaya, nauli inaweza kuimeza mara kumi, kwa hiyo nunua kwa mkupuo au badilishana na mwenzako. Ya pili ni usafi. Pwani tuna mazoea ya kusugua shaba kwa ndimu, ukwaju au majivu mpaka ing’ae, na kwa sinia kazi hiyo inafaa. Sarafu inaiua. Asidi inakula herufi nyembamba za Kiarabu kwanza, na mnunuzi anayejua atakata nusu ya bei. Itazame kwa karibu: rangi ya kahawia au kijani kigumu kilichoshikana ni ngozi yake, iache. Ukiona unga wa kijani hafifu unaobaki kidoleni, hiyo ni chumvi ya bahari inayoendelea kuila. Iloweke kwenye maji yaliyochujwa chumvi, ubadilishe maji kila baada ya siku chache, uikaushe, uiweke kwenye bahasha ya karatasi. Vile vifuko laini vya plastiki viache, vingi hutoa asidi. Mzani mdogo wa kielektroniki nao ni lazima: pesa ya Barghash yenye gramu 5 ina maswali ya kujibu.

Shaba kama chuma chakavu ni hesabu nyingine. Mwaka 2024 bei ya dunia ilikuwa wastani wa dola 9,000 na ushei kwa tani. Kilo moja ni pesa 154, na pesa moja haifiki shilingi 8 kwa uzito wake. Pesa hizo 154 zikiuzwa moja moja kwa dola 4 ni zaidi ya shilingi 80,000, ijapokuwa huwezi kuzimaliza kwa siku moja, wala kwa mwaka.

Za kale zaidi zina hesabu tofauti kabisa. Mogadishu ilipiga shaba yenye tarehe ya 722 Hijria, sawa na 1322, na Kilwa ina zake zenye majina ya masultani. Huko Songo Mnara wachimbaji wa mambo ya kale walikuta zaidi ya shaba 300 za aina ya Kilwa zimefukiwa pamoja ndani ya nyumba. Kila moja ni kipande cha gramu chache, kisicho na bei ya maana. Thamani yake ilikuwa pale ilipolala: kina gani, chini ya sakafu ipi, pamoja na vigae gani. Anayezifukua kwa jembe usiku magofuni, Ngumi au kwingineko, anauza dola 10 na kufuta ukurasa usioandikika tena. Sheria nayo iko wazi. Kenya, kitu kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 ni cha kale, na hakitoki nje bila kibali. Ina maana hata pesa ya Mombasa ya 1888, ile ya dola tano, inahusika. Tanzania Bara, sheria ya 1964 inaweka mpaka 1863.

Wabajuni wengi waliohama vita vya 1991 wako Lamu, Mombasa na Ulaya, na mikebe walihama nayo. Mwenye mkebe wa bibi asiupeleke kwanza kwa mnunuzi wa vyuma. Piga picha kila sarafu pande mbili, ipime, andika kwenye bahasha jina la kisiwa ilikotoka na la aliyekuwa nayo, na ukiwa na mbili za aina moja, ya pili mpe jirani anayeanza.