Tansio: kwa nini inapanda bila mtu kusikia kitu

Hapa Mikelenge, si ajabu kusikia mtu ameacha dawa ya tansio kwa sababu kichwa hakimuumi tena. Anafanya kazi, analala vizuri, basi anasema amepona. Hapo ndipo hatari inaanzia.

Tansio ni nguvu ambayo damu inasukuma nayo kuta za mishipa, na mwili unaipanga kila sekunde. Ukikaa tu, moyo unasukuma karibu lita 5 za damu kwa dakika. Ukisukuma kinga yenye magunia kutoka kivuko cha Lualaba, mishipa midogo ya miguu inafunguka, ya tumbo inajibana, na damu inaenda penye kazi.

Kuna walinzi pia. Juu ya moyo na pande mbili za shingo, neva zinapima namna mshipa unavyovutika. Ukiamka ghafla kitandani, damu inashuka miguuni. Walinzi wanaambia ubongo, moyo unapiga haraka, mishipa inajibana. Wakichelewa, unasikia kizunguzungu. Wengi wetu tunasema "tansio imepanda", kumbe mara nyingi hapo imeshuka!

Mafigo nayo yanafanya kazi ileile, lakini polepole, kwa masaa na siku: yanaamua munyu na maji gani yabaki mwilini. Ukila makayabu na munyu mwingi kila siku, maji yanabaki mengi kwenye damu na tansio inaweza kupanda.

Sasa, tansio ikikaa juu muda mrefu, walinzi wanazoea. Wanaona 16 kuwa ndiyo hali ya kawaida, hawapigi kelele tena. Wewe husikii kitu, lakini moyo, mafigo na mishipa ya ubongo vinaendelea kuharibika. Dawa inashikilia tansio chini. Kwa wengi, ukiiacha, inarudi juu kimyakimya.

Kwa hiyo njia ya kujua ni kupima. Usipimwe ukitoka tu kwenye kinga: kaa dakika 5, egemeza mgongo, weka mkono usawa wa moyo, usiongee. Ikipatikana 14 juu ya 9 ao zaidi, kwa siku mbalimbali, hiyo ni tansio ya kutunza. Na kama dawa inakuletea kizunguzungu, rudi kwa munganga aangalie kipimo chake, usiikate wewe mwenyewe.