Bango la mtandaoni na msomaji wa Kasoli

Mwenye duka la pembejeo Kasoli, mkoani Simiyu, ana njia zake za kutangaza: gari lenye spika siku ya gulio, karatasi iliyobandikwa mlangoni, na status ya WhatsApp. Siku hizi anashawishiwa kuongeza ya nne, bango kwenye tovuti ya habari inayosomwa Kanda ya Ziwa. Analipia, kisha anatuma posta ile ile aliyotengenezewa steshenari mjini Bariadi, yenye picha ya mfuko wa mbegu, bomba la kupulizia, nembo, namba mbili za simu na orodha ya dawa zote alizonazo stoo. Kesho yake anaifungua tovuti kwenye simu na kukuta ukanda mwembamba wenye maandishi kama sisimizi. Anaona kaliwa hela. Mara nyingi hajaliwa. Hakuna aliyemwambia vipimo.

Vipimo vya mabango ya mtandaoni havikushuka kutoka mbinguni. Bango la kwanza kubwa kuuzwa liliwekwa na kampuni ya simu ya AT&T kwenye tovuti ya HotWired, Marekani, Oktoba 27, 1994. Baada ya hapo kila tovuti ikawa na kipimo chake, na mtangazaji mmoja akajikuta anachora tangazo lile lile mara nyingi kwa sababu ya tofauti ya pikseli chache tu, yaani zile nukta zinazojenga picha kwenye kioo. Mwaka 1996 chama cha wafanyabiashara wa matangazo ya intaneti, IAB, kikatoa vipimo vya kufuatwa. Kilichovuma zaidi ni 468 kwa 60, yaani upana kwanza, kimo baadaye. Kwa kompyuta za wakati huo kilikaa vizuri, maana kioo cha kawaida kilikuwa na upana wa pikseli 640. Mwaka 2001 vikaongezwa vikubwa zaidi, kikiwamo 300 kwa 250, na baadaye kidogo ukaja ukanda mrefu wa juu ya ukurasa, 728 kwa 90.

Hapo ndipo faida ya kipimo cha kawaida inapoonekana. Tangazo lililochorwa 300 kwa 250 kwa ajili ya tovuti ya Mwanza litaingia bila kuguswa kwenye tovuti ya Dar es Salaam au Nairobi, na hata kwenye mfumo wa matangazo wa Google. Mwenye tovuti anayejitungia kipimo, tuseme 610 kwa 140 kwa kuwa ndivyo nafasi yake ilivyobaki, anamlazimisha kila mteja kurudi kwa dizaina. Wengi hawarudi.

Lakini orodha ya vipimo ni ndefu, na mwenye tovuti ndogo hahitaji hata robo yake. Swali la kumsaidia ni moja: msomaji ameshika nini mkononi? Simiyu, mkoa uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012 na unaoongoza nchini kwa pamba, msomaji ameshika simu. Mkulima anayesubiri zamu ya mzani kwenye chama cha ushirika, AMCOS, dereva wa lori nje ya kiwanda cha kuchambua pamba, mwalimu wa shule ya kata, wote wanasoma kwenye kioo ambacho kivinjari hukihesabu kuwa na upana wa pikseli 360 hivi. Boksi la simu linaweza kuandikwa 720 au 1080. Kivinjari huhesabu nukta kadhaa kati ya hizo kama moja ili maandishi yasomeke, na hesabu ya kufanyia kazi inabaki ile ya 360.

Sasa weka ukanda wa 728 kwa 90 kwenye kioo hicho. Ili uenee, lazima upunguzwe zaidi ya nusu. Herufi iliyochorwa kwa kimo cha pikseli 14 inabaki na chini ya 7. Namba ya simu ya mwenye duka inageuka mstari wa vumbi. Ukanda huo una mahali pake, kwenye kompyuta za ofisi za halmashauri na benki, na hapo unafanya kazi nzuri tu. Kumuuzia mwenye duka wa Kasoli ukanda huo peke yake ni kumwonea.

Kwa simu, chaguo langu la kwanza ni 300 kwa 250. Linaingia kwenye 360 na kuacha ukingo pande zote, linakaa katikati ya aya bila kukata habari vibaya, na lina nafasi ya picha moja, mstari mmoja mnene na jina la duka. Ukipiga hesabu lina pikseli 75,000, zaidi ya ule ukanda mrefu wenye 65,520, ingawa kwa macho ukanda ndio unaoonekana mkubwa. Wauza nafasi wengi hawapendi kulisema hili, kwa sababu "bango la juu kabisa" lina bei nzuri na mteja hulipenda kwa ajili ya heshima.

La pili ni 320 kwa 50, kile kijiukanda kinachokaa chini ya kioo. Kimo chake kinatosha maneno tu. Ukitumia herufi za pikseli 16 unapata kama herufi thelathini na kitu, na Kiswahili chetu kinakula nafasi. "Mbegu za alizeti zimefika Bariadi" inaenea kwa shida. Ukiongeza "kwa bei nafuu isiyo na mpinzani" umeshatoka nje. Anayetaka kusema zaidi achukue 320 kwa 100, ambayo ina upana ule ule na kimo mara mbili.

Mabango ya kusimama, 160 kwa 600, kwenye simu hayana pa kukaa. Lile pana la 970 kwa 250 nalo linameza karibu theluthi ya kimo cha kompyuta mpakato ya kawaida yenye kioo cha 1366 kwa 768, hata kabla msomaji hajaona kichwa cha habari. Kwa gazeti kubwa lenye mteja wa mtandao wa simu, sawa. Kwa tovuti ya mkoa ni makeke.

Uzito wa faili ni jambo ambalo huku kwetu lilipaswa kutajwa kabla ya vipimo, kwa sababu msomaji analipia bando. Google haipokei bango la picha linalozidi kilobaiti 150, na mwenye tovuti ndogo angefanya vyema kuwa mkali zaidi ya hapo. Picha iliyopigwa kwa simu na kupachikwa bila kupunguzwa inaweza kufika megabaiti tatu, mara ishirini ya kiwango hicho. Mtandao ukiwa mzito, msomaji ameshamaliza habari na kuondoka kabla bango halijatokea. Kipimo kinachotumika duniani kinahesabu bango kuwa limeonekana pale angalau nusu yake ilipokaa kwenye kioo kwa sekunde moja. La megabaiti tatu haliifikii sekunde hiyo.

Kosa jingine linatokea njiani. Dizaina anamtumia mwenye tovuti kazi kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, WhatsApp inaifinya, na herufi zinatoka na ukungu pembeni. Itumwe kama dokyumenti. Na ichorwe mara mbili ya kipimo, 600 kwa 500, kisha ionyeshwe kwenye nafasi ya 300 kwa 250, ili ionekane kali kwenye simu zenye nukta nyingi. Ukubwa huo bado unaweza kubaki chini ya kilobaiti 150 kama hakuna picha tano zilizorundikwa.

Mwenye tovuti naye ana lake. Nafasi ya bango itengwe ndani ya ukurasa kwa vipimo vyake kamili kabla tangazo halijafika. Asipofanya hivyo, msomaji anakuwa katikati ya sentensi, bango linaingia kwa kuchelewa, maandishi yanaruka chini na kidole kinaangukia tangazo. Mwenye tovuti anafurahia takwimu za mibofyo, mwenye duka analipia mibofyo ya bahati mbaya. Tangu mwaka 2020 Google imekuwa ikipima mruko huo kama sehemu ya ubora wa ukurasa, kwa hiyo hata mwenye tovuti anaumia.

Kabla ya kusaini, mwenye duka adai kitu kimoja kilicho nje ya vipimo. Namba iliyochorwa ndani ya picha haipigiki kwa kuigusa, wala si rahisi kuinakili. Mabango mengi yanampeleka anayebofya kwenye tovuti ya mtangazaji, na duka la pembejeo la kijijini halina tovuti wala haliihitaji. Kiungo kinaweza kuwekwa ili mguso mmoja ufungue simu na namba ikiwa imeshaandikwa, au ufungue WhatsApp moja kwa moja. Ni kazi ya mstari mmoja kwa fundi wa tovuti. Ikifanyika kabla ya Novemba, wakulima wanapoanza kupanda pamba, mwenye duka atajua kwa mlio wa simu yake kama hela ya bango ilikwenda mahali pake.