Je, Wajua? Gari laweza kuamini Dar es Salaam kuna barafu

Kiyoyozi cha gari kinachojirekebisha chenyewe hakihisi joto kama ngozi yako; husoma umeme. Nyuma ya bampa la mbele hukaa kihisi kidogo cha joto la nje, na kingine hujificha ndani ya dashibodi, nyuma ya vitundu vidogo, kupima hewa ya ndani. Joto likipanda, ukinzani wa kihisi hushuka. Likishuka, ukinzani hupanda.

Sasa waya ukatike, au bampa lifunguliwe baada ya ajali ndogo na soketi isahaulike. Ukinzani huwa hauna kikomo, na kompyuta ya magari mengi husoma baridi ya karibu nyuzi −40 za Selsiasi, hata kama uko Dar es Salaam adhuhuri ya Januari. Kwa baridi hiyo mifumo mingi huizuia kompresa isiwake. Dereva huambiwa gesi imeisha, akalipia gesi ambayo haikupungua. Inauma.

Kabla ya kujaza gesi, fundi akichomoe kihisi akipime kwa mita. Vingi husoma maelfu kadhaa ya omu kwenye nyuzi 25. Kikifumbatwa kiganjani, namba ishuke taratibu bila kurukaruka, kisha ilinganishwe na jedwali la gari lenyewe.

Kihisi cha ndani huvutiwa hewa na feni ndogo au kwa bomba jembamba. Vumbi likiziba hapo, hata kihisi kizima hutoa habari potofu. Mara nyingi brashi laini hutosha.